Uso wa Chaki

“Usiongee,” Wagdi alisema.

“Sijaongea.”

“Umeongea sasa hivi.”

“Nimekujibu wewe. Ungenyamaza, nami ningenyamaza.”

Wagdi akashusha mkono wenye chaki, akafumba macho, akatoa pumzi ndefu puani. Safinaz aliijua pumzi hiyo. Maana yake mdomo kwenye picha umeharibika tena, na aliyeuharibu ni mwenye mdomo.

Chumba cha kazi cha Wagdi kilikuwa juu kabisa ya jengo kongwe karibu na kituo cha tramu cha Ramleh, Aleksandria, ghorofa ambayo lifti ilishakata tamaa ya kuifikia. Kila Jumatano, akitoka kazini kwenye duka la dawa, Safinaz alizipanda ngazi zile akiwa amemshika mkono bibi yake mzaa baba, Bibi Dawlat. Hilo ndilo lilikuwa sharti la baba yake, Fundi Bayumi mshona suti: binti achorwe akitaka, lakini bibi awepo. Bibi mwenyewe hakuwa na kinyongo. Macho yake yalikuwa na ukungu siku hizi, ila pua ilikuwa nzima, na chini ya jengo palikuwa na duka la basbusa, ile keki iliyolowa shira. Alikaa kochini na kisahani mapajani, akala taratibu, na akimaliza alisinzia, au alijifanya kusinzia, wapenzi wapate kutazamana.

Na kutazamana walitazamana. Ni kazi gani nyingine inayomruhusu mwanamume amkodolee macho binti wa watu saa nzima mbele ya bibi yake na bibi asikohoe? Miezi ya mwanzo Safinaz alishuka ngazi zile akitabasamu peke yake. Wagdi akimtazama nyusi, alihisi amemgusa nyusi. Akimtazama shingo, ilimbidi afikirie bei za dawa ili asiwe mwekundu. Alimpenda kijana huyu, na sauti yake ya chini, na vidole vyake vyenye vumbi la waridi na zambarau hata siku ya sikukuu. Lakini mwaka ulikuwa umepinduka, na macho yale bado yalikuwa yanatazama tu. Zamani Safinaz alidhani mtu hachoki kutazamwa na anayempenda. Kumbe huchoka.

“Baba amesema Ijumaa,” akasema, bila kutikisa kichwa.

“Kidevu juu kidogo.”

“Wagdi, umenisikia?”

“Nimekusikia. Ijumaa nini?”

“Ijumaa hii, baada ya Alasiri. Uje na mama yako na mjomba wako, msome Fatiha tuwe wachumba mbele ya watu. Amesema mlango uko wazi siku hiyo moja tu. Usipokuja, jina lako lisitajwe tena mezani kwake.”

Chaki ikasimama hewani. Wagdi akaitazama picha, akamtazama Safinaz, akarudi kwenye picha.

“Ijumaa hii haiwezekani.”

“Kwa nini?”

“Si unajua mwenyewe? Mdomo bado.”

Safinaz akainuka. Kiti kikakwaruza sakafu, na kule kochini Bibi Dawlat akafumbua jicho moja.

“Mdomo bado,” Safinaz alirudia. “Wakati wa Maulidi ilikuwa shavu. Kabla ya Ramadhani zikawa nywele. Iddi ikaja, ukaniambia jicho la kushoto linakutazama vibaya, ukalifuta ukalianza upya. Leo mdomo. Na mdomo ukiisha itakuwa nini, Wagdi? Masikio? Yamefunikwa na nywele, lakini sidhani kama hilo litakuzuia.”

“Nisikilize...”

“Nimekusikiliza mwaka mzima. Kwani mdomo wangu una nini?”

“Hautulii.” Akatabasamu kidogo, tabasamu lile la pembeni ambalo Safinaz alikuwa akiliota dukani huku wateja wakimngoja. “Kila nikiushika umeshakuwa mwingine. Ukicheka una huu, ukikasirika una ule. Nikichora mmoja, kesho yake unakuja na wa pili unanizomea.”

Siku nyingine maneno hayo yangemyeyusha. Leo yalimkera, na kilichomkera zaidi ni kwamba yalikuwa matamu. Akazunguka ubao wa kuchorea, akasimama upande wa Wagdi, jambo ambalo halikuruhusiwa.

Ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililomtia hasira kuliko yote, kwamba ilikuwa nzuri kiasi kile. Mashavu yalikuwa na joto la mtu aliyetoka jikoni sasa hivi. Nywele zilikuwa vumbi tupu la kahawia na buluu, zimesuguliwa kwa kidole mpaka zikawa laini hata ukitazama unatamani kuzishika. Macho yalikuwa yake kabisa, yana hamu na yana kiburi. Na chini ya pua, pale panapostahili kuwa na mdomo, palikuwa na doa la kijivu chenye wekundu, limefutwa na kupakwa na kufutwa tena.

“Karatasi imeshiba,” Wagdi alisema polepole, kwa sauti ya mtu anayetoa habari za mgonjwa. “Chaki hushikwa na vijinywele vya karatasi. Ukipaka na kufuta, ukipaka na kufuta, inafika mahali haipokei tena. Chaki inateleza tu juu. Nina nafasi moja, labda mbili.”

“Basi iache hivyo hivyo.”

“Siwezi.”

“Nani amekulazimisha?”

“Baba yako.” Akaweka chaki kisandukuni, akajifuta mikono kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono. “Siku ile ya kwanza alinitazama kuanzia viatu. Akaniuliza kazi. Nikamwambia nachora nyuso za watu kwa chaki. Akasema chaki hata yeye anayo.”

“Ni mshona suti, Wagdi. Chaki anayo kweli.”

Bibi Dawlat akacheka kule kochini, akasahau kwamba amelala.

“Wewe hukuliona jicho lake,” Wagdi aliendelea. “Nataka nimwekee mbele kitu kitakachomfunga kinywa. Atazame, akose la kusema.”

“Baba yangu hajawahi kukosa la kusema tangu azaliwe. Muulize mama yake, huyo hapo.”

“Alizaliwa analalamika,” Bibi akathibitisha. “Mkunga alitaka kumrudisha.”

Hakuna aliyecheka. Safinaz akasogea mpaka akasikia harufu ya chaki na sabuni kwenye shati la Wagdi. Sauti yake ikashuka, na hasira ikashuka nayo, ikabaki ile hamu iliyokuwa chini yake siku zote.

“Mimi sitaki picha,” akasema. “Nataka mume. Njoo mikono mitupu. Njoo na kilo moja ya machungwa. Ukiingia tu mlangoni kwetu Ijumaa, mimi nimetosheka.”

Wagdi akamtazama, safari hii bila kupima kitu. Akainua mkono amguse shavu, ukafika karibu kabisa, kisha akaviona vidole vyake vilivyojaa vumbi akaurudisha asije akamchafua. Safinaz alitamani amchafue.

“Nitakuja,” akasema.

“Apa.”

“Wallahi nitakuja. Na picha nitakuja nayo.”

“Hata bila...”

“Nitakuja nayo, Safinaz.”

Ngazini, Bibi Dawlat alihesabu vidato kwa mguu, mkono mmoja ukutani na mwingine kwa mjukuu wake.

“Kijana anakupenda,” akasema walipofika nusu.

“Najua, Bibi.”

“Mbona umenuna basi?”

“Kwa sababu najua.”

Kesho yake jioni Fundi Bayumi alikula mboga yake ya mulukhiya bila neno, na kwa mtu wa mdomo kama ule, kimya hicho kilikuwa kibaya kuliko hotuba. Alikuwa amefiwa na mkewe tangu Safinaz akiwa shuleni, na alimlea binti yake kama alivyoshona, kwa kipimo na kwa kurudia mshono usiomridhisha. Alipomaliza akasukuma sahani.

“Haya. Anakuja au haji?”

“Anakuja, Baba.”

“Na ule uso umekwisha?”

Safinaz akaanza kukusanya vijiko. “Karibu.”

“Karibu!” Fundi akalitafuna neno hilo. “Mimi nimeshona suti za maharusi tangu nchi hii ina mfalme. Hakuna bwana harusi niliyempeleka ukumbini na mkono mmoja wa koti, nikamwambia avumilie, ule wa pili bado haujanijia moyoni. Mtu asiyemaliza uso mmoja atamaliza nini? Atajenga nyumba akuachie bila paa, mvua ikinyesha akwambie bado anatafuta rangi ya vigae?”

“Humjui, Baba. Yeye hapendi kitu kibaya kitoke mkononi mwake. Hata wewe hupendi.”

“Mimi sipendi, lakini natoa. Iddi haimngoji fundi.”

“Akija kesho je?”

Fundi Bayumi akamtazama binti yake, na uso wake mkali ukalegea kidogo.

“Akija kesho nitasoma Fatiha kwa sauti mpaka jirani wa chini aitikie amina. Neno langu ni moja. Simchukii yule kijana. Ninachokichukia ni wewe kuchungulia pale roshani kila tramu ikisimama. Mwaka mzima, Safinaz. Baba mtu anaona.”

Safinaz akavibeba vijiko na sahani. Akaenda kuosha vyombo.

Ijumaa ikafika. Safinaz alitengeneza sharubati nyekundu ya waridi, ile inayotolewa Fatiha ikishasomwa, akaipanga kwenye bilauri za marehemu mama yake. Alivaa gauni la kijani ambalo baba yake alimshonea mwenyewe usiku bila kuambiwa, na bila kusema ni la nini. Adhana ya Alasiri ikaadhiniwa. Watu wakatoka msikitini, wakatawanyika, barabara ikatulia. Tramu ikapita, ikapita nyingine. Safinaz alikuwa ameapa hatachungulia roshani, akawa anachungulia kupitia dirisha la jikoni, ambalo hakuliapia.

Fundi Bayumi alikaa sebuleni na tasbihi, akiisukuma kwa kidole kama anayepima kitambaa.  Bibi Dawlat ndiye aliyesema.

“Kama haji, basbusa ya wageni nianze kuila?”

Kengele ikalia.

Walikuwa watatu. Mbele mama yake Wagdi, Bi Ihsan, mwanamke mnene mwenye macho ya upole, ameshika boksi la peremende lenye utepe. Nyuma mjomba wake, Haji Anwar, mstaafu wa reli. Wagdi akaingia mwisho, jasho limemtoka, amekumbatia kitu bapa kilichofunikwa kwa karatasi nyembamba. Safinaz alipokiona kitu hicho moyo ulimlipuka kwa furaha na ukamuuma papo hapo. Amekuja, alijiambia. Kuja amekuja, mengine yasamehe.

Fundi Bayumi alimpokea mkono, lakini macho yalikuwa mabegani mwa suti.

“Nani alikushonea hii?”

“Ni ya marehemu baba,” Wagdi alijibu.

Fundi akapitisha kidole kwenye mshono wa bega. “Niletee wiki ijayo,” akasema. “Nitakupunguzia mabega.”

Kwa Fundi Bayumi, hayo yalikuwa mahaba. Safinaz alikimbilia jikoni ili wasimwone anavyotabasamu.

Aliporudi na kahawa, picha ilikuwa imeegemezwa kwenye mto wa kochi na ile karatasi nyembamba imeondolewa. Baba yake alikuwa amesimama mbele yake, mikono nyuma, kichwa upande, namna anavyosimama mbele ya mteja aliyevaa koti kwa mara ya kwanza. Hakuna aliyethubutu kunywa.

“Umemwona,” Fundi akamwambia Wagdi mwishowe, kwa sauti ambayo Safinaz hakuwahi kuisikia. “Hapa kwenye nyusi. Hivi hasa ndivyo anavyonitazama nikichelewa kula.” Akakohoa. “Mama yake naye alikuwa hivi.”

“Mdomo bado kidogo,” Wagdi akasema haraka, na hakuna aliyekuwa amemuuliza. “Unaona hapa kwenye kona. Na kivuli cha chini si chenyewe. Ndiyo maana sijaiweka kioo.”

“Mdomo wake tunao hapa nyumbani, kijana wangu, unatosha mtaa mzima.”

Wote wakacheka, hata Haji Anwar ambaye alikuwa ameshughulika na biskuti. Wagdi peke yake hakucheka. Alikuwa akiitazama ile kona.

“Haya,” Fundi Bayumi akasema, akavuta kiti karibu na cha Haji Anwar. “Sitaki maneno mengi. Kijana amekuja, kazi yake nimeiona, binti anamtaka. Tusome.”

Bi Ihsan akasafisha koo, tayari kwa vigelegele. Safinaz akasimama mlangoni na sinia la sharubati. Alihisi mwaka wote ule unamtoka miguuni. Fundi akainua viganja, Haji Anwar akaacha biskuti akainua vyake, na Wagdi, baada ya kuitupia picha jicho la mwisho, akainua vyake pia.

“Subirini,” Bibi Dawlat akasema. “Mnasoma, na mimi bi harusi sijamwona?”

“Yuko hapo mlangoni, Mama.”

“Huyo namjua. Namtaka huyo wa kwenye picha, mnamsifu peke yenu. Nileteeni karibu, macho yangu si mnayajua.”

Fundi Bayumi, kwa furaha aliyokuwa nayo, akaichukua picha yeye mwenyewe akamwekea mama yake mapajani.

Nyumba ile ilikuwa na mazoea ambayo wenyewe walishayazoea hata hawayaoni. Bibi Dawlat hashiki picha bila kuisalimu. Picha ya marehemu mumewe, ya mwanawe aliye Kanada, ya wajukuu asiowahi kuwashika, zote alizibusu kila asubuhi, na vioo vyake vyote vilikuwa na alama za midomo ambazo Safinaz huzipangusa kila akifagia. Kwa hiyo Bibi alipoiinua picha, akaisogeza usoni, akasema, “Mungu akufungulie kheri, binti yangu,” hakuna hata mmoja wao aliyeona hatari. Akaibusu kwa nguvu, mara mbili, shavuni na mdomoni, kama anavyobusiwa bi harusi.

Wagdi akatoa sauti. Haikuwa neno.

Bibi akaishusha picha. Midomo yake ilikuwa ya waridi na kijivu, na ncha ya pua ilikuwa na wekundu. Kwenye karatasi, shavu la kushoto lilikuwa limeburutwa mpaka kidevuni, na pale palipokuwa na mdomo uliokaribia kwisha palikuwa na mdomo mwingine, mpana na uliokunjamana, wa mwanamke mzee.

“Ina vumbi,” Bibi alisema, akilamba. “Mbona haina kioo?”

Wagdi alikuwa ameshapiga magoti mbele yake. Hakufoka. Ingekuwa afadhali afoke.

“Achilia, Bibi. Taratibu. Usiiguse tena, tafadhali. Hapana, hapana, hapana.” Akaishika kwa kingo, akaipeleka dirishani, akaigeuza huku na huku kwenye mwanga.

“Nimefanya nini?” Bibi akauliza. Mikono yake ikabaki wazi mapajani.

“Basi, yamepita,” Fundi Bayumi akasema. Sauti yake ilikuwa ya kujizuia. “Mama hakujua. Picha itatengenezwa. Njoo uketi, kijana, uinue mikono.”

Wagdi hakugeuka.

“Wagdi,” Bi Ihsan akamwita.

“Nisamehe, Fundi.” Aligeuka sasa, picha kifuani. Macho yalikuwa yamemjaa machozi, machozi ya kweli. “Nipe siku chache. Wiki mbili. Alama bado ni mpya, nikiiwahi leo labda karatasi itapokea. Niitengeneze, halafu nirudi tusome kwa moyo safi.”

 Haji Anwar alishusha viganja vyake, akavitazama, akavificha chini ya meza. Safinaz akaliweka sinia mezani kwa uangalifu mkubwa, asimwage hata tone, kwa sababu alijua akimwaga kidogo atalirusha lote.

“Iweke picha chini,” akasema.

“Safinaz, hujaona ilivyoharibika...”

“Nimeona. Iweke chini, una mikono miwili tu. Inua mikono, soma. Ni aya saba, Wagdi. Ukimaliza hizo saba ichukue uitengeneze mpaka Kiyama, sitakuuliza. Nitakuletea na chai.”

“Siwezi kusoma na uso wako ukiwa hivi.”

“Uso wangu uko hapa.”

Akainua macho. Kwa muda mfupi alimtazama yeye, yeye mwenyewe, na Safinaz akayaona mapenzi yote mle ndani, hayajapungua hata chembe. Akajua kwamba ndivyo atakavyopendwa siku zote. Kisha macho yale yakashuka taratibu mpaka mdomoni kwake, yakafinyika, yakaanza kupima.

“Kaa hivyo hivyo,” Wagdi akanong'ona, amesahau watu wote. “Hiyo kona. Hiyo ndiyo niliyokuwa naitafuta.”

Kitu kilichokuwa kimemshikilia Safinaz mwaka mzima kikakatika, na alishangaa kwamba hakikupiga kelele.

“Ukimaliza,” akamwambia, “umwoe yeye.”

Bi Ihsan akaanza kulia. “Mwanangu, keti. Wagdi, kwa ajili yangu mimi, keti.” Lakini Wagdi alikuwa anaitafuta ile karatasi nyembamba, akaipata chini ya kochi, akaifunika picha. “Nitarudi,” akasema. “Safinaz, wallahi nitarudi.” Alikuwa mkweli, na ukweli wake haukumsaidia mtu. Mama yake akambusu Safinaz mashavu yote mawili. Haji Anwar akasema samahani kwa niaba ya watu wote, na mlango ukabaki wazi nyuma yao.

Safinaz akatwaa leso, akapiga magoti, akaanza kumpangusa bibi yake midomo.

“Ni kwa sababu yangu,” Bibi alisema.

“Si wewe, Bibi.”

“Nilimbusu tu.”

“Ulimbusu vizuri. Usitikisike, umebakiwa na rangi puani.”

Fundi Bayumi alikuwa bado amekaa, viganja vyake vimeinuliwa nusu, havikujua viende wapi. Akajipangusa uso kwa mazoea, kama aliyemaliza kuomba, na hakuwa ameomba chochote. Mtu huyu, aliyemkejeli Wagdi mwaka mzima, ndiye aliyeinuka sasa akamsogelea binti yake.

“Nimwite?” akauliza. “Bado yuko ngazini. Mimi nitamwita, Safinaz. Sioni aibu.”

Safinaz akampita. Alitoka mpaka ukingoni mwa ngazi, akashika chuma. Viatu vya Wagdi alivijua, vilikuwa vikishuka polepole, nyuma ya vile vizito vya mjomba. Vikafika ghorofa ya pili vikasimama.

Amesimama. Safinaz akabana chuma kwa mikono yote miwili. Hasira yote ikamtoka mara moja, akajiona mjinga na mwenye bahati. Apande kidato kimoja tu, alisema moyoni. Kimoja, na mimi nitashuka vyote vilivyobaki. Nitamkimbilia hivi hivi bila viatu, majirani wafungue milango, waone.

Chini kukasikika mchakacho wa karatasi nyembamba.

Akainama akachungulia. Wagdi alikuwa ameiegemeza picha kwenye dirisha la ngazi, ameifunua, anaigeuza mwanga wa jua la jioni uipate vizuri. Kidole chake kilikuwa kikitembea juu ya mdomo ule bila kuugusa. Mama yake alisimama pembeni na mkoba wake, anamngoja. Safinaz akangoja naye, muda wa kumtosha mtu kuinua kichwa. Wagdi hakuinua.

Akarudi ndani. Baba yake alikuwa ameushikilia mlango, anamtazama usoni kutafuta jibu.

“Nimwite?”

“Usimwite, Baba,” Safinaz alisema. Akautoa mlango mkononi mwake, akaufunga, akatia komeo mwenyewe, ndipo akalia.